Haijambo, Mwanangu

Mume wangu, Mahadhi, ana adabu mpaka inaudhi. Umkute na homa inayotetemesha kitanda, ukimuuliza hali atakwambia hajambo. Ndivyo tulivyolelewa Malindi mjini, na mimi ni vivyo hivyo, tena nimemzidi.

Mshipa mkuu wa damu ulimvimba kifuani, ikawa unangoja kupasuka. Kabla ya upasuaji, Daktari Moraa alituketisha hapo hospitalini Kilifi akatueleza bila kuzungusha. Wakiufunga mshipa ili waushone, uti wa mgongo hukosa damu, na uti ukikosa damu, miguu hufa. Wangemtia mrija mwembamba mgongoni wapunguze maji yanayoubana uti, na presha wangeipandisha makusudi.

"Hatari haiishi akitoka chumba cha upasuaji," akasema, akinitazama mimi. "Siku mbili tatu za mwanzo miguu yaweza kuzima ghafla. Akikwambia mguu mzito, usingoje hata dakika moja. Niite."

Mahadhi hushona kanzu kwa cherehani ya kukanyaga. Nilielewa vizuri sana.

Upasuaji ulikwenda vyema. Kesho yake tangu asubuhi, nesi Priscilla, binti wa kijiji cha Jilore, alikuja kila saa kumwambia ainue miguu, naye akaiinua yote miwili. Nililia kwa furaha.

Saa nane mchana wakaingia wakwe zetu, wazazi wa mke wa mwanetu Mujahid, wametoka Lamu kuja kumtazama mgonjwa. Mkwe akaanza kuomba dua, sote tumeinua mikono. Hapo Mahadhi akanivuta buibui, nikamwinamia.

"Hafswa, mguu wa kushoto mzito."

Nikamnong'oneza, "Ngoja kwanza wakwe watoke. Utamkatiza mtu na dua mdomoni?"

Akaliachia buibui langu. Priscilla akachungulia mlangoni, akaona wazee wameinua mikono, akaona haya kumfunua mgonjwa shuka mbele ya wakwe zake.

"Baba, miguu yasemaje?"

"Haijambo, mwanangu."

Priscilla akaandika, akaenda zake. Dua ikaisha, zikafuata habari za safari, kisha habari za wajukuu. Wakwe waliondoka saa tisa kasorobo. Nilimfunua shuka mimi mwenyewe, nikamwambia ainue mguu. Alikunja uso, akakaza meno, na hata kidole hakikucheza, cha mguu wowote.

Nikapiga kelele. Daktari Moraa akaja mbio na watu wake, wakampandisha presha, wakaufungua ule mrija. Katikati ya pirikapirika akauliza, "Imeanza lini?"

Nilifungua mdomo. Mahadhi akanitazama, kisha akamgeukia daktari.

"Sasa hivi tu."

"Basi tumewahi," akasema Daktari Moraa, na uso wake ukakunjuka. Sikumsahihisha. Niliogopa, na niliona haya, na zaidi ya hayo sina la kujitetea.

Walihangaika naye mpaka magharibi. Miguu haikurudi. Daktari Moraa alinifuata ukumbini akanishika mkono, macho yake mekundu kwa uchovu.

"Usijilaumu, mama," akasema. "Ulituita papo hapo. Wakati mwingine hata mkiwahi, uti haupokei."

Nikamwambia ahsante.