Kitufe cha Nyumbani

Enoka Kwangu alipanga skrubu kwenye vifuniko vya chupa za soda, za urefu mmoja kifuniko kimoja, na zile zisizofanana na nyingine akazitia kwenye kikombe cha chai. Maboksi yalikuwa yameshushwa na basi stendi ya Bunda asubuhi ileile. Ndani mlikuwa na vipande vya alumini, reli, mota, mikanda yenye meno, waya, na karatasi ya maelekezo ya Kichina. Ilikuwa mashine ya CNC, ile inayochonga mbao yenyewe ikiongozwa na kompyuta, ila hii huuzwa vipandevipande na mnunuzi akaachiwa kazi ya kuiunga. Enoka alikuwa fundi seremala. Mashine kama hii hakuwahi hata kuigusa, na kwa kuwa wahenga walisema mwanzo mgumu, alichukulia ugumu ule kuwa dalili njema.

Haukuwa dalili njema. Mota ya kushoto aliifunga kulia. Magurudumu aliyakaza mpaka yakagoma kutembea. Alipopima fremu kona kwa kona, vipimo viwili havikulingana, maana yake kila mraba ungetoka umepinda, akafungua skrubu zote akaanza upya. Kwenye kundi la WhatsApp la watu wenye mashine hizo, jamaa mmoja wa Mwanza aitwaye Stanislausi alimjibu kila swali bila kumcheka, au kama alicheka, alichekea hukohuko Mwanza.

Katika siku hizo za kufunga na kufungua, baba yake alipiga simu kutoka Mugeta. Mzee Kwangu alikuwa anaumwa kifua tangu watu waanze kuchuma pamba.

"Enoka, njoo unione."

"Nakuja, baba. Nimalizie tu hii reli."

"Reli ya treni?"

"Ya mashine, baba. Jumamosi nakuja."

Reli ikaisha, ukaja mkanda. Mkanda ukaisha, zikaja waya. Mzee alipiga tena kuuliza hiyo Jumamosi ni ipi, akaambiwa ni inayokuja. Alifariki mashine ikiwa bado haijawashwa.

Enoka alikwenda kuzika. Alitupia udongo, akakaa na wanaume wenzake chini ya turubai, na jioni akapanda pikipiki kurudi Bunda, akisema ana mlango wa mteja. Katika ukoo wao nyumba ya mama ni ya kitindamimba, na ni yeye anayetakiwa kulala humo usiku mmoja baada ya maziko ndipo matanga yaanuliwe. Asipolala, matanga yanabaki, na mjane hapandi kitandani. Kitindamimba alikuwa Enoka. Mama yake, Wankyo, aliegemeza kitanda ukutani akatandika mkeka sakafuni, akijua ni kwa siku chache.

Enoka hakuwa na roho mbaya. Aliona aibu. Mchana mtu anaweza kusalimia akaondoka, lakini usiku watu wanaolala nyumba moja huulizana mambo, na lilikuwepo swali moja ambalo hakutaka kuulizwa. Pamba ikauzwa, mashamba yakalimwa tena, na Wankyo bado alikuwa analala chini.

Mashine ilikamilika masika. Programu ya kuiendesha ilikuwa ya bure na yenye lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mwisho kabisa, chini ya lugha ambazo Enoka hakuwahi kuzisikia. Akachagua Kiswahili. Stanislausi alimweleza kwamba mashine ikiwashwa haijui iko wapi, kwa hiyo kabla ya kazi yoyote lazima iambiwe irudi mahali pake pa kuanzia, ambapo vipimo vyote ni sifuri. Kitufe cha kuiambia hivyo kilikuwa na picha ya kijumba. Chini ya picha paliandikwa Nyumbani.

Enoka alikibonyeza, akatoka kununua chapati. Aliporudi, mashine haikuwepo. Waya wa umeme ulikuwa umechomolewa ukutani, na kompyuta ilikuwa palepale.

Alikuwa bado anazunguka karakana akilaani wezi alipofika Jastin, dereva wa bodaboda wa njia ya Mugeta.

"Fundi, mashine yako nimepishana nayo Nyamuswa," alisema. "Ilikuwa imesimama pembeni, inapisha ng'ombe."

"Inaelekea wapi?"

"Mugeta. Nikajua umeituma."

Enoka alikasirika, kwa sababu barabara ilikuwa na tope na reli hazitakiwi kupata tope. Walikwenda wawili kwa pikipiki. Waliikuta nyuma ya jiko la Wankyo, imefunikwa kitenge, maana mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Ile kona yake ya sifuri ilikuwa juu kabisa ya mahali kilipozikwa kitovu cha Enoka. Wankyo ndiye aliyekizika kwa mkono wake, na mahali hapo hakuwa amewahi kumwonyesha mtu.

"Imekuja yenyewe?" Enoka aliuliza.

"Imekuja."

"Haikugonga kitu?"

"Hata hodi haikupiga. Mtu wa nyumbani hapigagi hodi." Wankyo alikunja kitenge chake kilicholowa. "Na wewe leo unalala?"

"Jastin ananisubiri, mama."

"Jastin atalala kwa baba yako mdogo."

"Nina mlango wa mteja, mama."

Waliifunga mashine kwa mpira nyuma ya pikipiki, wakaondoka kabla giza halijaingia.

Mashine isiyojua sifuri yake haichongi kitu, kwa hiyo Enoka alilazimika kubonyeza tena, nayo ikaenda tena. Alifunga mlango kwa kufuli, ikapitia dirishani. Aliikaza kwa bolti kwenye meza, ikaenda na meza. Meza haikuenea kwenye pikipiki, ikabaki Mugeta, na Wankyo akawa anaanikia vyombo juu yake. Jastin alizoea kumpitia fundi kila asubuhi kumuuliza kama mashine imelala Bunda au imelala kwao.

Mara nyingi ililala kwao. Wankyo aliona umande utaiharibu, akawa anaiingiza chumbani na kuiweka kando ya mkeka. Mtu akilala karibu na mwenzake hawezi kukaa kimya, hata kama mwenzake ni wa alumini. Aliizungumzia pamba, akaizungumzia miguu inayomuuma kwa baridi ya sakafu, na siku moja akaieleza habari za mwisho za Mzee Kwangu. Mzee hakufa na kinyongo. Kila aliyeingia kumjulia hali alimwambia kwamba kijana wake wa Bunda anaunga mashine kwa mikono yake mwenyewe, na alichokuwa anauliza mpaka mwisho ni kama ile reli imekaa sawa.

Kwa kuwa mashine ilishalala nyumbani zaidi ya mara moja, shangazi Lukresia aliitisha kikao cha ukoo. Hoja yake ilikuwa kwamba matanga yaanuliwe.

"Imelala, haijalala?" aliuliza. "Wankyo anazeekea sakafuni na nyie mnakunywaga togwa tu."

Baba mdogo Baltazari, aliyeongoza kikao, aliuliza kama ni kweli Enoka aliiunga mwenyewe. Akaambiwa ni kweli, skrubu kwa skrubu.

"Basi ni mali yake, kama ng'ombe," alisema. "Ng'ombe wa mtu hawezi kumwanulia matanga."

"Ng'ombe anaijua njia ya kutoka Bunda?"

"Akiwa amezaliwa huku, anaijua."

Walibishana mpaka togwa ikaisha. Mwishowe ikaamuliwa kwamba mashine ikaribishwe wakati wowote, isifukuzwe wala isidhihakiwe na watoto, lakini matanga yabaki. Wankyo alisikiliza uamuzi wote akiwa amekaa mlangoni. Aliwashukuru kwa kuja, akaosha vikombe.

Baltazari alimpigia Enoka jioni ileile. "Kikao kimeikataa. Si kwa ubaya. Njoo wewe mwenyewe, mwanangu. Usiku mmoja tu."

"Jumamosi nakuja, baba mdogo."

Wateja walikuwa wameanza kulalamika. Enoka alimwandikia Stanislausi na kumweleza yote, mashine, Nyamuswa, meza. Stanislausi aliuliza swali moja tu.

"Umeweka lugha gani?"

"Kiswahili."

"Weka Kiingereza. Kwa Kiingereza huwa haiendi mbali."

Enoka alibadilisha lugha. Pale chini ya kijumba pakaandikwa Home. Alisimama mlangoni, mgongo ukiwa umeziba njia, akanyoosha mkono akabonyeza. Mashine ilitelezesha daraja lake, ile fremu inayobeba kichwa cha kuchongea, taratibu mpaka kwenye kona, ikagusa swichi, ikatulia. Vipimo vyote vikasoma sifuri. Kuanzia hapo ilichonga milango ya maua na ya herufi, na watu wakawa wanatoka mpaka Musoma kuifuata kazi yake.

Siku moja, mvua zikiwa zimekwisha, Wankyo alipiga simu.

"Enoka, ile mashine ni nzima?"

"Nzima, mama. Inafanya kazi."

"Mbona siku hizi haijagi?"

"Nimeibadilisha kidogo. Sasa inatulia."

Wankyo alikuwa na jambo la kumwambia, lile aliloiambia mashine, lakini aliona si jambo la kusema kwenye simu.

"Na wewe unakuja lini?"

"Jumamosi, mama."

"Haya, baba. Usijichoshe."

Enoka alijuta. Alijuta kweli, mpaka akakaa juu ya rundo la mbao na kushika kichwa, na kwa muda aliona njia nzima ya Mugeta mbele yake. Kisha mteja akaingia kuulizia mlango wake, naye akasimama kumwonyesha.

Huko Mugeta, Wankyo alizima simu kutunza chaji. Alifagia chumba, akautandika mkeka, na safari hii akauweka katikati, kwa kuwa nafasi ilikuwepo.