Pale Mkono Usipofika

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu, yaliyobaki matano, na kama humu mna neno moja la uongo basi na hayo yang'oke leo hii.

Alikuwapo mgane mmoja kule pwani ya Clare, jina lake Malachy Tuohy, miaka sabini na mmoja, mstaafu wa kusambaza barua. Miaka thelathini na mmoja yeye na mkewe Noreen walikwenda Hispania kila Julai, hoteli ileile, chumba kilekile. Siku tatu kabla ya safari Noreen alikuwa akiitoa chupa ya losheni ya kahawia, ile ya kumpa mtu rangi ya jua bila jua, maana alisema hashuki ufukweni na miguu kama mishumaa ya kanisani. Miguu alijipaka. Mikono alijipaka. Mgongo alipakwa na Malachy, kwa glavu ya sponji, taratibu, kutoka shingoni kushuka. Kisha alikaa wima jikoni nusu saa nzima asiegemee kitu, akinukia biskuti, na Malachy akimnywesha chai.

Noreen alifariki Novemba. Chupa ikabaki bafuni, imefika nusu.

Dada mkubwa wa Malachy, Concepta, akaanza kupiga simu kila Jumapili kutoka Athlone.

"Uza hiyo nyumba, uje. Chumba cha nyuma kiko wazi."

"Dada, Athlone hakuna bahari."

"Na kwako hakuna mtu. Hata yai la kuchemsha linakushinda."

"Halijanishinda. Tulikosana tu kidogo."

"Haya. Nenda Hispania peke yako, wiki mbili, urudi mzima. Ukiweza, sifungui tena mdomo wangu. Ukishindwa, unahamia kwangu kabla ya baridi."

"Umekwisha, dada," akasema Malachy.

Alikata tiketi. Akapanga sanduku, akavaa kofia ya majani, akaenda kusimama kituoni alfajiri. Basi la uwanja wa ndege likaja, mlango ukafunguka, dereva akachungulia.

"Mmoja tu, mzee?"

Malachy akageuka upande wa kushoto, upande ambao Noreen alizoea kusimama. Akageuka tena kwa dereva. Akasema kuna kitu amesahau. Basi likasubiri kidogo, likaondoka, naye akarudi kwa njia ya nyuma ya nyumba kama mwizi, akaingia kwa mlango wa jikoni, na hakutoka siku kumi na nne.

Alikula maharage ya kopo yakiwa baridi, asije mtu akasikia harufu ya kupika. Chai aliinywa ya rangi, kwa kuwa maziwa yanauzwa dukani na dukani kuna macho. Kila siku saa kumi jirani yake Dinny alikuja na ufunguo kumwagilia nyanya za dirishani, na Malachy akajificha kabatini, katikati ya makoti ya Noreen. Siku ya sita alipiga chafya humo ndani. Dinny akaziangalia nyanya, akaziambia, "Afya!" Kisha akaendelea kuzisimulia, "Mwenzenu huko anaota jua, hata kadi hajatuma, mpuuzi yule. Na mimi sina wa kugombana naye."

Malachy aliendelea kukaa kabatini baada ya Dinny kwenda. Kulikuwa na joto zuri mle. Siku nyingine alikuwa akiingia saa tisa, saa nzima kabla ya muda.

Siku ya kumi na nne aliishusha chupa. Uso alijipaka kwa mikono mitupu, kifua, tumbo, miguu, mabega. Lakini kazi aliyoijua kwa miaka thelathini na mmoja ilikuwa mgongo, na mgongo wenyewe sasa ulikuwa nyuma yake. Alipitisha mkono juu ya bega, akaupitisha chini ya kwapa, akaifunga glavu kwenye mwiko. Mwiko ukaangukia chooni. Kioo chake kilikuwa cha kunyolea, kinaonyesha uso tu, na uso ulikuwa wa mtu aliyetoka Hispania. Akaridhika.

Kesho yake, saa nne asubuhi, akashuka kwenye miamba ambako wazee wa mji huoga baharini mvua inyeshe isinyeshe. Concepta alikuwa amekuja na basi kuhakikisha, amekaa ukutani na koti lake la mvua.

"Tazameni gwiji!" Dinny akapiga kelele. "Mbona viganja vina rangi ya chungwa?"

"Hoteli ilikuwa na mchungwa. Nilimenya kila asubuhi, kwa watu wote."

"Na unanukia biskuti."

"Machungwa ya kule ndivyo yalivyo."

Wakacheka. Malachy akavua shati, akawapa mgongo ili akunje suruali. Kicheko kikakatika, kisha kikarudi mara mbili.

"Bwana wee, una dirisha mgongoni!" Dinny akasema. "Jeupe, mraba kabisa! Jua la wapi hilo linaloruka katikati?"

Malachy hakubabaika. "Paka," akasema. "Paka wa hoteli. Kila nikilala kifudifudi alipanda kulala hapo hapo katikati, kuanzia saa sita mpaka saa kumi. Mgeni utamfukuzaje paka wa watu?"

Walikaribia kuamini, naapa. Dinny alishauliza paka alikuwa wa rangi gani.

Concepta akateremka ukutani, akaja na taulo. Hakucheka. Akaweka kiganja chake pale penye weupe.

"Malachy, Noreen alikuwa anapakwa mgongo na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe je?"

Dinny akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba.

"Nitakuja Athlone," Malachy akasema.

Wala hakulia. Alikuwa ametoka baharini, na mtu aliyetoka baharini huwa na maji usoni.

Hapa Concepta, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu na chai yangu mkononi, ameweka kidole kwenye mstari huo.

"We Malachy, siku ile hukuingia majini hata kidole cha mguu."

"Dada, hadithi ni yangu."

"Iandike vizuri, au chai naimwaga."

Haya. Hakuingia baharini. Alilia palepale kwenye miamba, mkavu, mbele ya watu tisa, mpaka Dinny akamvalisha shati kama mtoto, akakosea vifungo.

Naomba chai yangu.