Dirisha la Wagonjwa

Wiki ile ya kujiandaa, wagonjwa wetu walilalamika kuliko wakati wowote, na mimi nilikuwa upande wao. Kwa miaka minne duka letu la bangi ya tiba pale Tolliver lilikuwa lao peke yao. Mtu anaingia na kadi yake ya daktari, anakaa kwenye kochi, anamsengenya mkwewe kidogo, anachukua dawa yake, anaondoka. Sasa jimbo letu la Ohio lilikuwa limepiga kura, na mtu mzima yeyote mwenye kitambulisho angeruhusiwa kununua. Kochi likatolewa. Mahali pake Brenna, meneja wetu, akafunga vyuma vya kupangia foleni, ungedhani tunaogesha ng'ombe.

"Dreama, usinitazame hivyo," aliniambia. "Watu wakija mia mbili, utawakalisha wapi? Mapajani kwako?"

"Wengine nitawapakata," nikamjibu. "Inategemea sura."

Brenna aliletwa na kampuni kutoka Columbus na alikuwa mchapakazi, sitamsingizia. Alinunua kompyuta mpya, akaongea na polisi kuhusu magari, akampelekea keki jirani yetu wa matairi ili asije akatushitaki kwa kumzibia mlango. Jengo letu zamani lilikuwa benki, kwa hiyo mzigo wote tuliuweka kwenye chumba cha chuma, na huko tukaugawa mara mbili. Rafu za kushoto zikawa za wagonjwa, na hizo haziguswi hata kama watu wa mbele watapiga magoti. Jioni tulifanya mazoezi ya kuuza. Mimi kabla ya hapo nilikuwa mhudumu wa mgahawa miaka mingi, na kichwa changu kikishika jambo hakiachii. Kila Brenna akijifanya mteja, nilimwomba kadi ya daktari.

"Kitambulisho, Dreama! Kitambulisho tu! Hawaumwi hawa!"

"Kama hawaumwi wanakuja kufanya nini?"

Katikati ya vurugu hiyo, Jumanne, mzee Verlin Stamper akaja kuniaga.

Verlin alichimba makaa ya mawe mpaka mgodi ukafungwa, na baadaye mikono yake ikaanza kutetemeka. Daktari alimwandikia matone, yale ya kuweka chini ya ulimi. Kila Jumanne alizunguka na gari lake kwa nyuma, kwenye dirisha ambalo enzi za benki watu walichukulia hela bila kushuka garini. Mimi namsukumia droo na chupa yake, yeye ananisukumia utani, basi. Hakuna aliyemwona. Na ilibidi asionekane, kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa, na mkewe Garnet ndiye aliyeuzunguka mji mzima akikusanya saini ili duka letu lifungwe. Hata mimi aliniletea nisaini, na wakati huo nilikuwa nimeshaajiriwa humo.

"Ndiyo mwisho, binti," alisema Verlin. "Kuanzia wiki ijayo mji mzima utakuwa hapa. Nikionekana, habari itamfikia Garnet kabla sijawasha gari."

"Na mikono?"

"Mikono nitaizoea."

Aliitazama mikono yenyewe kwenye usukani aliposema hivyo, nami nikaona kwamba anadanganya. Iliniuma. Huyu mtu angerudi kumwagikiwa na kahawa kila asubuhi kwa sababu tu vijana wa mjini wamepata ruhusa ya kustarehe.

Nikamfuata Brenna. Yeye alikuwa amepanga dirisha la nyuma liwe la kila mtu aliyeagiza kwa simu.

"Lipe wagonjwa," nikamwambia. "Nje weka turubai, magari yasionekane kutoka barabarani."

"Dirisha hilo ndilo litakalotuokoa na foleni."

"Wagonjwa ndio waliokulisha miaka minne. Leo wamepata wageni nyumbani, wao ndio walale nje?"

Alinuna hadi mchana. Kisha akaleta turubai yeye mwenyewe. "La wagonjwa tu," akasema. "Lakini foleni ya mbele ikikwama, ni shingo yako."

Nilimpigia Verlin simu nikamwambia kuna turubai. Akasema atajaribu mara moja tu.

Siku ya kufungua, foleni ilifika hadi kwa yule wa matairi, ambaye sasa alikuwa anauza soseji za kuchoma na kumwita Brenna mwanangu. Watu walikuja na viti vya kukunja, na wengine na bibi zao. Aliyekuwa mwalimu wangu wa hesabu alikuwemo, amevaa miwani myeusi ambayo haikumficha hata kidogo. Nilifurahi, nakiri. Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia, lakini walikuwa na adabu na walicheka sana, na kila mmoja aliponionyesha kitambulisho aliangalia nyuma kwanza, kwa mazoea, kuona kama polisi wapo. Na kweli walikuwepo, wanaongoza magari.

Nikaita anayefuata, akaja Garnet Stamper.

Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Nilijua hotuba inakuja, nikajikaza. Lakini aliinama kwenye kaunta akasema kwa sauti ya chini, "Dreama, mama yako alikuwa rafiki yangu. Usinicheke."

"Sikucheki, mama."

"Ni Verlin. Mikono yake. Juzi ameshindwa kufunga vifungo vya shati akalia bafuni, akadhani sisikii. Nimesoma kwamba hiki kitu kinasaidia." Akafungua mkoba na kutoa kitambulisho. "Nipe kisicho na ladha. Nitamtilia kwenye maharage."

"Hajui?"

"Verlin? Akijua atakufa kwa aibu. Mzee wa kanisa yule."

Verlin alikuwa na dozi yake tayari. Akitiliwa nyingine kwenye maharage bila kujua, angeanguka ngazini akavunjika nyonga. Na mimi nisingeweza kumwambia Garnet hata neno moja. Nani ni mgonjwa wetu na nani siye ni siri kwa sheria, na mtu wa dukani akiitoa anafukuzwa, na anastahili.

"Mama, hatuuzi kitu cha kumtilia mtu bila yeye kujua," nikasema. "Ni hatari. Zungumza naye kwanza."

"Miaka arobaini na sita nimekaa naye. Huzungumzi na Verlin, unamzunguka."

Hapo kengele ya dirisha la nyuma ikalia.

Nikamwambia Garnet asiondoke, nikakimbilia nyuma. Verlin alikuwa chini ya turubai, kofia imeshuka hadi puani.

"Mzee Verlin, leo ningependa uingie ndani."

"Una wazimu?"

"Siwezi kukwambia kwa nini. Nakuomba tu."

Alinitazama, na uso wake ukabadilika. "Kuna mtu wangu humo."

"Siruhusiwi kusema nani yumo humo."

"Ni Garnet. Ee Mungu. Amekuja na bango?"

"Mzee, mimi siruhusiwi..."

"Siku yenu kubwa kama hii!" Akazima gari. "Ngoja nikamtoe kabla hajawaaibisha. Ninyi mmenitendea mema."

Akateremka. Alipita katikati ya foleni nzima ya watu wa Tolliver, kofia mkononi, akimjua kila anayemwona, na alifanya hivyo kwa ajili yetu. Sijawahi kumpenda mtu asiye ndugu yangu kama nilivyompenda mzee yule wakati ule.

Garnet akageuka.

"Verlin! Unatafuta nini kwenye duka la bangi?"

"Nimekuja kukuchukua. Bango liko wapi?"

"Bango gani?"

Ndipo Verlin akaona kitambulisho kwenye kaunta. Akaona mkoba umefunguliwa. Nyuma yao mtu akapaza sauti, "Mama, kama hununui tupishe!"

"Nyamaza, Lonnie," alisema Garnet bila kugeuka, "la sivyo nitamwambia mkeo umesema uko kazini." Akamrudia mumewe. "Nimekuja kukununulia wewe, Verlin. Haya. Sasa unajua. Kasirika."

Verlin hakukasirika. Alitia mkono mfukoni, na kwa kutetemeka kule ilimchukua muda, akatoa kadi yake ya daktari akaiweka kando ya kitambulisho cha mkewe.

Garnet aliisoma hadi mwisho, kisha akairudia. "Tangu lini?"

"Tangu walipofungua."

"Nikiwa nakusanya saini?"

"Mbili nilikuandikia mimi mwenyewe."

Watu wa mbele walicheka. Garnet hakucheka. "Na inasaidia?"

"Kwa saa mbili tatu. Mkono unatulia kabisa."

"Mbona mimi sijawahi kuuona ukitulia?"

Verlin aliangalia sakafu. "Natumia kule karakanani, ili usinusenuse. Ukitulia nachonga. Nikirudi kula, unakuwa umeanza tena."

"Wale bata wa mbao. Ulisema unawanunua mjini Marietta."

"Nawachonga mimi."

Nilifikiri Garnet atafoka. Badala yake uso wake ukalegea, akaonekana amechoka. "Kumbe saa zako nzuri unawapa bata," akasema. "Mimi unaniletea zilizobaki."

Brenna alininong'oneza kwamba foleni imekwama. Nikamwambia ikwame. Nikaingia chumba cha chuma, nikachukua chupa kwenye rafu ya kushoto, na nikabaki humo kidogo kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Niliporudi, Garnet alikuwa ameikamata mikono ya mumewe juu ya kaunta, yote miwili, na inamtikisa hadi mabegani.

"Hii ndiyo dozi yake?" akaniuliza.

Nilimtazama Verlin. Akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo, mama."

"Basi ya kwangu siitaki." Akamgeukia mumewe. "Leo utatumia jikoni, mezani, mimi nimekaa mbele yako. Nimekaa na hii mikono mibaya miaka yote. Sasa nataka na ile mizuri."

"Na bata?" akauliza Verlin.

"Bata watangoja."