Dirisha la Barabarani

Katika ushirika ule wa kujenga nyumba huko Montevideo, hakuna aliyejua anamjengea nani. Kila familia ilitoa saa zake za kazi kila wiki, ikapanga matofali na kukoroga zege, lakini nyumba hazikuwa na mwenyewe mpaka siku ya kura ya kuzigawa. Ndivyo walivyokubaliana, ili mtu asipige lipu nzuri kwake na kulipualipua kwa mwenzake. Aliyesimama mkutanoni kuitetea sheria hiyo alikuwa mzee Ubaldo, baba yake Zulma.

Kisha Ubaldo akaanguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi, nyonga ikavunjika, na tangu hapo akawa mtu wa kiti. Mkutano ukataka kumtengea nyumba ya chini bila kura. Yeye mwenyewe akakataa.

"Leo mnanipa mimi kwa sababu ya nyonga," alisema. "Kesho kila mtu atakuja anachechemea."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Zulma hakucheka. Ngazi zile alizimwagia zege kwa mikono yake, alijua zilivyosimama wima.

Aliyempa moyo ni Mirtha. Walikuwa wamesukuma toroli moja tangu msingi, wakinywa chai ya yerba kwenye kibuyu kimoja, baridi ikiwakata vidole. Na sheria iliruhusu familia mbili kubadilishana baada ya kura, zikipatana.

"Shoga, unajitesa bure," Mirtha alimwambia. "Nikipata ya chini ni yenu. Mimi miguu ninayo, na huko kupanda ngazi huenda kukanipunguza haya makalio."

Siku ya kura Zulma alitia mkono kwenye kofia, akatoa nyumba ya ghorofani. Mirtha akapata ya chini, ya pembeni, yenye dirisha linalotazama barabara. Zulma akamrukia na kumkumbatia. Ilimchukua muda kuhisi kwamba mwenzake amekauka kama gogo.

"Twende tumwambie katibu," Zulma alisema.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Mume wangu yupo tu nyumbani tangu machinjio yafungwe, unajua. Hilo dirisha, siku za mvua watu wanapotamani mikate ya kukaanga, naweza kuipika nikauza hapo hapo. Huko juu nitamuuzia nani, njiwa?"

"Uliniahidi, Mirtha."

"Niliahidi nikiwa sina kitu. Asiye na kitu mkono wake mwepesi kutoa." Akatazama pembeni. "Na usinikazie macho hivyo. Aliyekataa kupewa ni baba yako, si mimi."

Na hilo lilikuwa kweli.

Siku ya kuhamia, wanaume walimbeba Ubaldo na kiti chake mpaka juu, wakiimba kama wamebeba bingwa. "Mzee, ukitaka kushuka gonga sakafu tu," walisema. "Hapa sote ni kitu kimoja." Mwanzoni walikuja kweli. Baadaye mmoja akawa anaumwa mgongo, mwingine ana mpira wa kutazama, mwingine alikuwa akioga kila Zulma alipobisha. Kila familia sasa ilikuwa na mlango wake, na ufunguo wake.

Majira ya baridi yakaingia. Siku moja ya mvua harufu ya mafuta ya moto ikapanda dirishani, na punde Mirtha akatuma sahani ya mikate, imefunikwa kitambaa safi.

"Nitairudisha," Zulma alijisemea, lakini baba yake alikwisha kuchukua mmoja. Akatafuna polepole huku akisikiliza vicheko vya watu huko chini.

"Nishushe kidogo, mwanangu," alisema. "Nikakae nao."

Zulma akashuka na sahani. Dirishani palikuwa na foleni, na karibu wote aliwajua: ndio waliombeba baba yake.

"Mzee ameipenda?" Mirtha aliuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Anataka kushuka."

Kila mmoja akawa anatazama mkate wake. Mwishowe yule wa mgongo akakohoa.

"Mvua ikikatika, dada. Ngazi zinateleza."

Zulma akapanda kumwambia baba yake asubiri. Akamvalisha koti na kofia, akamfunga skafu shingoni. Mvua ilikatika kabla ya jioni. Walikaa hivyo mpaka huko chini dirisha likafungwa, kisha akamvua koti.