Umempakulia Nani?

Siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu aligawa karatasi yenye orodha, na walimu karibu wote wakaikunja wakaitia mfukoni. Bi Ramani hakuikunja. Huyu ni mwalimu wa jiografia, na jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu hajawahi kuonekana bila ramani kwapani. Orodha ilitaja vifaa vya mtandaoni vya kujaribu likizo nzima: ubao wa kuchorea kwa kidole, chemshabongo, programu ya kurekodi somo, na vingine vyenye majina ya kuvunja ulimi. Mstari wa mwisho ulikuwa kwa wino mwekundu. Kila mwalimu aweke masomo matano kwenye ukurasa wa darasa lake, na ukurasa utakaokutwa mtupu Ijumaa ya mwisho ya likizo, darasa hilo atapewa mwalimu mwingine.

Moyo ukamlipuka pa! Darasa lake alikuwa nalo tangu wanaingia shuleni, watoto arobaini na watatu, na umebaki mwaka mmoja wafanye mtihani wa mwisho. Anyang'anywe sasa? Thubutu!

Akaanza. Na mama yule wa miaka hamsini na minane, jamani, akanogewa! Alichora mto kwenye ubao wa simu, mto ukafuata kidole chake mpaka baharini. "Alaa!" akasema peke yake sebuleni. Akaubonyeza tena kuona ukigeuzwa rangi inakuwaje. Akatunga chemshabongo inayopiga makofi mtu akipatia, kisha akaijibu mwenyewe mara saba ili apigiwe makofi. Akachukua sufuria ya mumewe, akachemsha maji, akarekodi matone yakidondoka kutoka kwenye kifuniko ili aeleze mvua inavyotokea.

Mumewe ni mpishi wa bwalo la chuo, naye yuko likizo. "Mke wangu," akauliza, "hiyo sufuria inasafiri? Naona unaipiga picha ya paspoti."

"Niache, Mzee. Nafundisha."

Somo likikamilika, juu ya skrini hutokea vitufe viwili, Pakia na Pakua. Bi Ramani alivitazama kwa makini kama anavyotazama kila kitu. Kupakia ni kazi ya magunia na malori, na somo lake si gunia. Kupakua je? Kufunua chungu ukawatilia watu chakula. Hiyo si ndiyo kazi ya mwalimu? Akabonyeza Pakua, simu ikaandika "Tayari", na kwa kuhakikisha akabonyeza mara mbili zaidi. Ukurasa wenyewe wa darasa hakuwahi kuufungua. Mtu akishapakua, ana haja gani ya kuchungulia sahani za watu?

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Hakuna aliyejibu chemshabongo, hakuna hata aliyeuliza swali la kijinga. Kufika wiki ya tano alikuwa ameumia, tena ameumia kweli. Kwa yule binti wa kiti cha dirishani hakushangaa, maana hajawahi kunyoosha mkono tangu aanze shule. Lakini wote? Watoto aliowabeba miaka yote hii!

Alhamisi ya mwisho ya likizo asubuhi, akirekodi somo la tano, simu ikagoma. Nafasi imejaa. Akaenda jikoni kumlalamikia mumewe, ambaye alikuwa akimenya vitunguu. Mpishi akafuta mikono, akaichukua simu na kuitazama juu na chini.

"Ulibonyeza wapi?"

"Hapo. Pakua."

"Umempakulia nani?"

"Wanafunzi! Nani mwingine?"

"Hapa hapajaandikwa pakulia. Pameandikwa pakua. Mimi nikipakua na hakuna aliyeleta sahani, chakula kinabaki kwangu." Akafungua hifadhi ya simu. Mto, mvua, milima, upepo, yote yalikuwa humo, kila somo mara tatu. "Wiki tano unajipakulia mwenyewe! Ndiyo maana simu imevimbiwa."

Akacheka mpaka akashika meza. Bi Ramani alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka naye, kisha machozi yakamtoka kwa aibu na kwa woga wa kesho. Wakafuta nakala za ziada, akamaliza somo la tano, na mpaka adhuhuri alikuwa amebonyeza Pakia mara tano, kila mara akimwita mumewe aje ashuhudie.

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Mwalimu mkuu, ambaye kwa umri ni kama mdogo wake wa mwisho.

"Shikamoo, Bi Ramani."

"Marahaba."

"Ukurasa wako ulikuwa mtupu hadi jana. Nilikuwa nimeshaandika jina la mwalimu mwingine."

Bi Ramani akafungua mdomo ajitetee.

"Kabla hujasema lolote," mwalimu mkuu akaendelea, "fungua palipoandikwa Waliotembelea. Hebu niambie, walikuwa wanatafuta nini?"

Akafungua. Majina arobaini na matatu, kila moja na idadi ya mara lilipoingia kabla ya Alhamisi, wakati hapakuwa na kitu. Tisa. Kumi na nne. Kumi na moja. Akateremka mpaka kwa binti wa dirishani. Arobaini na moja.

"Jina la yule mwalimu mwingine nimelifuta," sauti ikasema. "Darasa ni lako."

Bi Ramani akaweka simu mezani. Akamwambia mumewe ile hesabu ya binti wa dirishani. "Arobaini na moja, Mzee. Na hakukuwa na kitu."

Mpishi anaijua foleni. Amewaona watu wakisimama dirishani pa bwalo kabla jiko halijawashwa. "Alikuwa anakuja na sahani," akasema.

Basi mama akajipangusa macho, akaiegemeza simu kwenye sufuria, na kuanza somo la sita ambalo hakuna aliyemwagiza.

"Habari zenu, wanangu. Leo nampakulia wa dirishani kwanza."