Fremu ya Chiku

Eliudi, mpimaji wa maabara ya hospitali, alikuwa akilipepea kwa kadi tone la maji ya lengelenge juu ya kipande cha kioo, taratibu lisije likatiririka, Bibiana muuguzi alipochungulia dirishani.

"Mgeni wako wa Pongwe huyo. Leo kabeba dirisha zima!"

Mwanamkasi aliingia amekumbatia fremu mpya, bado inanukia vanishi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia picha imekuja."

Ilikuwa imekuja kweli. Chiku, binti wa Mwanamkasi, alipougua, madaktari walibishana kama ni ndui au tetekuwanga. Eliudi akachukua maji kwenye lengelenge moja la mkononi, akayakausha juu ya kioo, yakapelekwa Ulaya kwenye hadubini ya elektroni, mashine inayoona vitu ambavyo mwanga hauwezi kuvionyesha kwa jinsi vilivyo vidogo. Mama alipouliza yanakwenda wapi, alimjibu, "Yanakwenda kupigwa picha," akarudi kwenye vioo vyake. Jibu halijaja, Chiku akafa. Mabwana afya wakachoma mkeka wake, nguo zake, hata kitana. Mama huyu hakubakiwa na kitu cha mwanawe, ila picha ile aliyoisubiri.

Eliudi aliitoa ndani ya bahasha, akampa.

Mwanamkasi aliitazama, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Kalala?" aliuliza. "Uso umekaa upande gani?"

Hapo ndipo Eliudi alipoelewa fremu ile imeletwa ya nini.

"Mama, si uso huo. Hivi vilivyo kama matofali ndiyo ndui yenyewe. Mashine imeikuza mara elfu nyingi."

"Umempiga picha aliyemuua?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu je?"

Eliudi aliinama juu ya picha. Angeweza kumwonyesha doa lolote, akamwambia hili jicho, na mama angeliamini. Aliangalia kwa muda mrefu. Katikati ya matofali yale palikuwa na ukungu wa kijivu: protini za mwili wa mtoto, zilizokauka pamoja na ugonjwa.

"Ukungu huu," alisema, "umetoka mwilini mwake. Huu ni wa Chiku."

Mwanamkasi alipitisha kidole kwenye kijivu kile, akiyakwepa matofali kama mtu anayepita chumba chenye watu waliolala.

"Basi watoe hawa, uniachie yeye."

"Haiwezekani, mama. Wamekauka pamoja."

"Hujajaribu, wewe."

Akaifuta fremu kwa pindo la kanga, akaiweka mezani katikati ya vioo, picha juu yake. "Leo umechoka. Jaribu kesho. Nitapita asubuhi."

Akatoka. Tone aliloliacha Eliudi lilikuwa limekauka vibaya, lote limejikusanya pembeni. Ilibidi achukue maji mengine kwa mtoto yule aliyeletwa kutoka kijiji cha Moa akalazwa jana.

Bibiana alirudi dirishani, bila mzaha safari hii.

"Mama wa mtoto wa Moa anauliza maji ya mwanawe yanapelekwa wapi. Nimwambieje?"

Eliudi alivuta kitambaa kufunika vioo, kikakwama kwenye kona ya fremu.

"Mwambie nitakuja kumweleza mwenyewe," alisema. "Kesho, kabla sijamgusa mtoto."