Pikapu ya Dizeli Mlangoni kwa Baba Mkubwa

Wachumba wengine huja kuposa na gari la kuazima linalong'aa. Nehemiah alikuja na pikapu ya dizeli ya mwaka themanini na mbili, akaiegesha mbele ya nyumba ya Mzee Gervas kule Gaithersburg, Marekani, akashuka na kuiacha inanguruma. Ilikuwa Jumamosi mchana, Januari ya mwaka tisini na tisa, baridi ya kukata masikio. Injini ilipiga ga-ga-ga-ga mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Majirani walichungulia kwenye mapazia. Mtaa ule wa nyumba za kushikana, ambako hata mbwa hubweka kwa adabu, ulikuwa haujapata mgeni wa namna ile.

Lusekelo, binti aliyekuwa anaposwa, alikuwa ghorofani chumbani kwake, akingoja kuitwa kama desturi inavyotaka. Alijua jambo ambalo kule sebuleni walilijua wageni peke yao: pikapu ile haikuwa ya Nehemiah. Ilikuwa yake yeye. Siku za kazi aliosha vyombo vya vioo kwenye maabara. Jumamosi alizunguka na pikapu kuokota vitanda na makochi yaliyotumika, akawauzia Watanzania na Warundi waliohamia juzi kwenye maghorofa ya mji jirani wa Alexandria. Mzee Gervas, baba yake mkubwa aliyemlea hapa Marekani, aliamini anakwenda kwaya. Pikapu ililala kwenye maegesho ya kanisa.

Nehemiah alitaka waje na teksi ya Zefania, yule Mgogo, mtu mzima mwenye maneno, aliyekubali kuwa mshenga wake. Lusekelo ndiye aliyekataa. Alimwambia aje na pikapu, na zawadi zote nyuma, kwa sababu amechoka kuificha kama mimba. Aliahidi kwamba yeye mwenyewe atamwambia Baba Mkubwa kabla ya siku hiyo. Wiki nzima alifungua mdomo, akaufumba.

Na kuizima haikuwezekana. Plagi mbili za kupasha moto injini zilikuwa zimekufa, na ikishapoa kwenye baridi ile haikubali kuwaka mpaka ichomekwe kwenye umeme kwa saa kadhaa, kama birika. Ndiyo maana yule mtu wa mji wa Frederick aliyemuuzia Lusekelo alikuwa karibu amlipe yeye aiondoe.

Wamarekani hawaitaki dizeli kwenye gari dogo, na ukiwauliza, kila mmoja ana sababu yake. Petroli siku zile ilikuwa rahisi kuliko maji ya chupa. Nani ahangaike na injini inayokula kidogo? Dizeli yenyewe serikali iliitoza kodi kubwa zaidi. Sheli nyingi hazikuwa nayo, ikabidi uifuate kwenye vituo vya malori. Inanuka, ina kelele, moshi wake unawaudhi wakaguzi, na asubuhi ya baridi inataka kubembelezwa. Lakini chini ya sababu zote hizo palikuwa na kidonda. Miaka ya nyuma, petroli ilipopanda bei, kampuni moja kubwa ya hapa ilikurupuka kutengeneza magari ya familia ya dizeli. Ilichukua umbo la injini ya petroli, ikaligeuza. Sasa, dizeli inakandamiza kwa nguvu kuliko petroli. Boliti zikashindwa, maji yakaingia kusikotakiwa, magari yakafia barabarani kwa maelfu. Kosa la injini moja likachafua jina la dizeli zote. Watu wakaapa kwamba dizeli ni ya malori, basi.

Mzee Gervas alikuwa mmoja wa walioumia. Mwaka themanini na tatu alikuwa mgeni, ana kazi mpya ya kompyuta, na mdogo wake aliyekuwa dereva wa malori kati ya Mbeya na Zambia alimshauri kwa simu anunue dizeli, mashine isiyojua kufa. Akanunua. Ikafa mara tatu, ya tatu katikati ya barabara kuu ya mzunguko, mvua inanyesha, malori yanampigia honi. Alipompigia mdogo wake kumlalamikia, yule alicheka. Alisema, "Kaka, vitabu unaviweza, injini huiwezi. Dizeli haifi, inauawa."

Mzee Gervas alikata simu, na hawakuongea tena kwa miaka kumi na miwili, hadi mdogo wake alipofariki. Yule mdogo mtu ndiye baba yake Lusekelo. Mwaka uliofuata msiba, Mzee Gervas alimleta binti Marekani, akamlipia shule, akamwita mwanangu mbele za watu. Neno dizeli halikutajwa ndani ya nyumba yake. Unaona sasa kwa nini mtoto wa watu alificha pikapu kanisani.

Kutoka juu, Lusekelo alisikia Zefania akianza maneno yake matamu, kwamba wameona ua zuri kwenye bustani ya watu wakaja kuuliza mwenyewe ni nani. Hakufika mbali. Mzee Gervas alimkatiza na kusema kwamba kwanza kuna faini. Zefania alicheka, akaingiza mkono mfukoni, maana faini ndiyo chumvi ya posa. Mshenga hutozwa kwa kuchelewa, kwa kukaa kabla ya kuambiwa akae, hata kwa kukohoa.

"Sitaki hela yako," alisema Mzee Gervas. "Faini ni hilo likitu huko nje. Liondoke, liuzwe, halafu mrudi na gari la watu. Simpi mwanangu mwanaume wa dizeli. Full stop."

Zefania akabembeleza. Akasema gari ni chuma tu, na kijana ni mchapakazi, anaaminiwa funguo za magari ya matajiri kwenye hoteli kule Alexandria. Mzee Gervas alijibu kwamba mtu anayeshika magari mazuri kutwa, kisha mwenyewe akachagua takataka, ana kasoro kichwani. Nehemiah alinyamaza. Angeweza kusema neno moja tu na kujiokoa, wala hakulisema. Lusekelo alimsikia anavyonyamaza, uso ukamwaka kwa aibu, halafu aibu ikageuka hasira.

Mama Mkubwa Rosemary alipanda ngazi kumwita. Alimwekea khanga mabegani, akamnong'oneza kwamba ataulizwa swali moja, ajibu ndiyo au hapana, na ugomvi wa magari awaachie wanaume. Lusekelo aliitikia kwa kichwa. Ndiyo ile ya kumridhisha mtu mzima.

Alishuka, akapiga magoti, akasalimia. Kwa desturi yao hakuna kinachoendelea mpaka binti ajibu, na jibu lake likishatoka limetoka. Bila radhi ya Baba Mkubwa hakuna ndoa. Mama yake kule Tukuyu hatapokea hata simu. Alilijua hilo vizuri kuliko wote mle ndani.

"Lusekelo," alisema Mzee Gervas, "unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu, Baba Mkubwa. Na pikapu naifahamu zaidi, maana ni yangu."

Zefania alishusha kikombe. Mzee Gervas alimtazama Nehemiah, akamtazama binti, akauliza kwa sauti ndogo, "Yako?"

Akasema ni yake, ameinunua kwa jasho lake, na Nehemiah ametukanwa kwa niaba yake. Akaeleza vitanda, makochi, na Jumamosi zote za kwaya. Mama Mkubwa alijishika kifua. Mzee Gervas alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema basi aiuze yeye.

"Siiuzi."

"Chagua. Hilo gari, au radhi yangu."

Usidhani hakuogopa. Mtu huyu alimtoa msibani akampa maisha. Lakini lilimjia wazo kwamba akiuza pikapu leo kwa sababu ya hasira ya mwaka themanini na tatu, kesho atauza nini?

"Nimechagua vyote viwili," akasema.

Akasimama, akatoka nje na khanga yake bila koti, akafungua mlango wa pikapu, akazima. Kimya kilichofuata kiliwafanya majirani wachungulie tena. Alirudi ndani, ufunguo umo kiganjani, akakaa kitini bila kuambiwa akae.

"Ulitaka kelele ziishe, zimeisha," alimwambia baba yake mkubwa. "Sasa wageni hawana pa kwenda. Ikipoa haiwaki mpaka inyweshwe umeme wa nyumba hii, na mwenye nyumba ni wewe. Ukitaka kuwafukuza, itabidi kwanza uwasaidie."

Mzee Gervas alimtaka aiwashe upesi kabla haijapoa. Akakataa. Mzee akasema atawapeleka wageni kwao kwa gari lake mwenyewe. Zefania, ambaye naye hakuwa mjinga, akajibu kwa unyenyekevu mkubwa kwamba mshenga haondoki na kuacha zawadi za watu barabarani, mila haziruhusu. Mila hiyo aliitunga palepale.

Basi wakakaa. Mkaidi huku, mkaidi kule, na katikati saa ya ukutani. Mama Mkubwa Rosemary alivumilia, mwishowe akaenda jikoni akaleta ndizi na nyama, chakula ambacho hakistahili kuletwa kabla posa haijapokelewa. Aliweka sinia mbele ya wageni kwa kishindo kidogo, bila kumwangalia mumewe. Zefania alikula kwa niaba ya wote.

Nje baridi ilikaza. Mzee Gervas alisimama ghafla, akavaa koti, akatokea mlango wa gereji. Lusekelo alidhani anakwenda kuita gari la kuvuta magari mabovu. Akamkimbilia, ufunguo bado kiganjani.

Alimkuta amepiga magoti mbele ya pikapu, waya mrefu wa ekstensheni umezunguka bega lake. Mkono wake ulipita chini ya bampa, ukapanda nyuma ya wavu wa mbele, ukatoka na ncha ya plagi ya hita. Hakuwa amemwuliza mtu iko wapi. Akaichomeka, akaikung'uta barafu, akabaki hapohapo chini, mkono juu ya boneti.

"Ile haikuwa dizeli," alisema. "Ilikuwa petroli wameivika jina. Nilikuwa namwaga oili kwa wakati, Lusekelo. Nilikuwa nalala chini yake na tochi, na baridi kama hii. Sikuiua mimi."

"Najua, Baba Mkubwa."

"Wewe unajua. Mdogo wangu hakujua. Ungemwambia..."

Hakumalizia, kwa sababu hapakuwa na wa kuambiwa. Lusekelo alimwona jinsi alivyozeeka, akamhurumia, akatamani kumpa chochote anachotaka. Alimshika mkono, akamwinua. Lakini alisema tena, polepole, ili pasiwe na makosa, "Siiuzi."

"Nani amekuambia uuze?" alisema Mzee Gervas, akijifuta magoti. "Baba yako alikuwa hivyohivyo. Mgumu."

Aliingia ndani, akawaamuru Zefania na Nehemiah waache sahani, watoke nje, wafunge mlango, wapige hodi upya. Wakatoka mbio, Zefania bado anatafuna. Walipopiga hodi, Mzee Gervas alikwenda mlangoni mwenyewe kuwafungulia.